Je, wajua kwa nini sentensi nne zinaweza kukushawishi kuliko hotuba ya saa nzima?

Hotuba ndefu mtu huanza kuipinga moyoni kabla msemaji hajafika katikati. Kifungu kifupi kilichoandikwa na mjuzi humalizika msomaji akiwa ameshakubali. Siri iko kwenye ufupi wenyewe. Mwandishi hana nafasi ya kusema kila kitu, hivyo kipande kimoja cha hoja humwachia msomaji akijazie kwa imani yake mwenyewe. Nani hupinga neno alilojisemea?

Tuchukue mfano. Nimeutunga mimi, ila ukifuatilia mabishano yetu ya Uganda kuhusu Kiswahili, kila kipande chake utakuwa umeshakisikia mahali:

"Ni kweli kwamba wengi wetu Kiswahili tulikisikia kwanza vinywani mwa askari, na wapo wazee wasiosahau. Lakini ukisimama Busia asubuhi, utamwona mama muuza nyanya akipatana bei na dereva kutoka Kenya bila mkalimani. Katiba yetu ilikwishakitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005. Tunangoja nini kukifundisha kuanzia darasa la kwanza?"

Sentensi ya kwanza inakiri kosa kabla ya mashtaka. Mwandishi anajua kwamba kwa wengi lugha hii inanuka bunduki, na kwamba Idi Amin ndiye aliyeitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Angenyamaza, msomaji mwenye kinyongo angesoma huku akisubiri kumrushia historia hiyo. Sasa imeshatajwa, tena kwa heshima, na mara inafuata "lakini". Kwa kawaida uzito wa kifungu hulala baada ya neno hilo. Yaliyotangulia yamelipwa kama ada ya kuingia.

Sentensi ya pili ndiyo tamu kuliko zote. Haisemi "biashara ya mpakani inahitaji Kiswahili". Inasema "ukisimama utamwona", na papo hapo wewe ndiwe shahidi. Mama mmoja, nyanya zake, dereva mmoja. Huulizi kama anawakilisha wafanyabiashara wa Mbarara au Gulu, kwa sababu umeshamwona kwa macho ya akili.

Lakini mtazame tena. Mama huyu Kiswahili alikipata wapi? Kifungu hakisemi, na wengi wa aina yake walikiokota palepale sokoni. Kama ni hivyo, ushahidi wa mwandishi unaweza kugeuka: lugha inajifunzika bila ubao wala chaki. Kati ya mama yule na dai la darasa la kwanza pana wazo ambalo halikuandikwa, kwamba kinachomfaa mfanyabiashara mpakani lazima kianzie shuleni. Msomaji ndiye aliyelijaza.

Wazo la namna hiyo, linalozikwa ndani ya hoja, lina historia ndefu. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza kwamba msemaji hana haja ya kutamka jambo ambalo msikilizaji ataliongeza mwenyewe. Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin akalitenga waziwazi: kuna dai, kuna ushahidi, na kuna kanuni inayoruhusu mtu atoke kwenye ushahidi aende kwenye dai. Ukitaka kuinasa kanuni hiyo, uliza tu: "Hata kama hili ni kweli, kwa nini lile lifuate?"

Sentensi ya tatu inaleta Katiba, na hapo sauti hupungua mezani. Marekebisho ya 2005 kweli yapo. Ila ibara yenyewe inaendelea: Kiswahili kitatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Mkia huo umekatwa. Hakuna uongo uliosemwa, na hilo ndilo linalofanya ukataji wa aina hii uwe mgumu kuugundua. Cha ajabu, ushahidi ulio karibu zaidi na dai lake ameuacha: Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Nadhani ninajua sababu. Angelitaja, msomaji angeuliza mara moja kuhusu walimu na vitabu, na kifungu cha sentensi nne hakina jibu la swali hilo.

Swali la mwisho halingoji jibu. "Tunangoja nini" linachukulia kwamba tumeshakubaliana na kilichobaki ni uvivu tu. Hata "tu-" ya mwanzo inakuingiza kundini bila kukuuliza.

Kipimo kizuri cha hoja fupi ni kuyachukua mambo yaleyale na kuyaandikia upande wa pili: "Mama wa Busia hakungoja mwalimu. Katiba imeliachia Bunge lipange matumizi ya Kiswahili. Kwa nini tumwongezee mtoto wa darasa la kwanza lugha nyingine, na soko linaifundisha bure?" Nacho kinavutia, na nacho kimezika kitu: Kiswahili cha kupatana bei ya nyanya hakitoshi kusoma fomu ya forodha wala mkataba wa kukodi lori.