Gololi za mkono: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gololi, au bano kama zinavyoitwa na watoto wengi wa Kenya, ni kitu kidogo chenye uvumi mwingi. Mengi ya yanayosemwa juu yake yanatoka kwa watu wanaotazama rangi tu. Mkusanyaji mzoefu hushika gololi, akaigeuza, akatafuta ncha zake mbili kwanza.

"Jicho la paka lina plastiki ndani."

Plastiki ingeungua papo hapo, kwa kuwa kioo hutoka tanurini kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Yale majani ya rangi ni kioo pia. Hudungwa ndani ya mkondo wa kioo kiangavu, mkondo ukakatwa vipande, na kila kipande kikaviringishwa juu ya roli zenye mifereji mpaka kigande. Hiyo ni kazi ya mashine, na aina hii ilienea kutoka Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Anayekuuzia jicho la paka kama gololi ya mkono ya karne ya 19 ama hajui, ama anakupima.

"Mapovu ndani ni ushahidi kwamba ni ya zamani."

Mapovu hutokea popote kioo kilipoyeyushwa haraka au kukunjwa na hewa ndani, iwe kiwandani iwe mezani kwa fundi. Hayasemi umri wala mkono. Kinachosema ni kovu.

Kulielewa hilo kunataka kujua kazi ilivyofanyika Lauscha, mji wa mafundi wa kioo katika Thuringia, Ujerumani, ambao kiwanda chake cha kioo kilianzishwa mwaka 1597. Katika miaka ya 1840 mafundi wa huko, na anayetajwa zaidi ni Elias Greiner, walianza kutumia mkasi wa pekee: upande mmoja una kikombe kidogo, upande wa pili una ubapa wa kukatia. Fundi alianza na donge la kioo, akalizungushia fito nyembamba za rangi, akalichovya katika kioo kiangavu, kisha likavutwa na kusokotwa likiwa moto mpaka likawa mche mrefu wenye mistari. Ncha ya mche ikaingizwa kikombeni, ikazungushwa mpaka ikawa duara, ikakatwa. Ndiyo maana mistari ya gololi hizo huanza ncha moja na kuishia nyingine, na kila ncha ina alama mahali ilipokatwa. Wakati mwingine kovu ni kali kwa kidole, wakati mwingine limesagwa likawa bapa.

Lakini usikimbilie sokoni na kanuni moja. Mafundi wa leo nao hutengeneza gololi za mche zenye kovu, kwa hiyo kovu huthibitisha mkono, si umri. Na kuna za katikati. Martin Frederick Christensen wa Akron, Ohio, alipata hataza ya mashine ya kuviringisha mwaka 1905, lakini kioo bado kilichotwa kwa mkono na kudondoshwa juu ya mashine. Gololi zake za rangi mbili mara nyingi zina msokoto unaofanana na tarakimu 9 upande mmoja, na mstari wa mkato upande wa pili. Vita vya 1914 vilipokata bidhaa za Ujerumani, viwanda vya Marekani vilichukua soko.

Za kijani hafifu zisizo na mstari wowote? Nyingi ni vizibo vya chupa za soda za Codd, zilizopewa hataza Uingereza miaka ya 1870. Ni kitu kizuri, ila si gololi ya kisanii.

"Za Lutz zilitengenezwa na Nicholas Lutz."

Jina limeganda tu. Lutz alikuwa fundi hodari wa kioo huko Sandwich, Massachusetts, lakini gololi zenye chembe za shaba zinazometa kama dhahabu ni za Ujerumani. Na hiyo si dhahabu.

"Sanamu ndani ya gololi ni ya fedha."

Ni udongo mweupe uliochomwa, kama wa kauri. Unang'aa kifedha kwa sababu ya utando mwembamba wa hewa kati yake na kioo. Fundi alilazimika kuipasha moto sanamu kabla ya kuifunika. Ikiingia baridi, hupasuka au huacha povu kubwa mgongoni.

"Gololi ya mkono humiminwa kwenye kalibu."

Kalibu ya vipande viwili ingeacha mshono kiunoni. Fundi wa tochi ya gesi na oksijeni hutumia kalibu ya grafaiti yenye shimo la nusu duara, na kazi kubwa hufanywa na mzunguko wa mkono. Anza na hesabu. Gololi ya milimita 25 ya borosiliketi, kioo kinachostahimili joto, ina uzito wa gramu 18 hivi, sawa na sentimita 10 na nusu za ufito wenye kipenyo cha milimita 10. Ukitaka ya milimita 50, kipenyo kimeongezeka mara mbili lakini kioo mara nane: gramu 146. Hapo ndipo wanaoanza hukwama, kwa kuwa moto wao haufiki kiini.

Yeyusha ncha ya ufito mpaka donge likusanyike, ukizungusha bila kukoma. Ukisimama, linalegea upande mmoja kama ugali mbichi. Weka rangi, funika kwa kioo kiangavu, halafu bandika ufito wa kushikia upande wa pili. Pasha moto shingo ya ufito wa kwanza, uvute utoke. Sasa viringisha ndani ya grafaiti kwa sekunde chache tu, rudisha motoni, viringisha tena. Ukikawia kalibuni, uso hupoa kabla ya tumbo na kujikunja kama utando wa maziwa. Mwisho badili ufito wa kushikia, yeyusha kovu la kwanza, iachilie gololi, na kovu la mwisho lilainishwe kwa mwali mwembamba.

Mchoro unaoonekana mkubwa ndani haukuingizwa ukiwa mkubwa hivyo. Duara la kioo ni lenzi, hukuza kilicho nyuma yake.

"Kioo ni kioo, hata chupa itaungana na ufito."

Itaungana ikiwa moto, itaachana ikipoa. Kila kioo hutanuka kwa kiwango chake: borosiliketi ya fito huandikwa 33, kioo laini cha mafundi wa shanga 104, cha chupa kiko karibu na 90. Ukichanganya 33 na 104, kimoja kinasinyaa mara tatu ya mwenzake, na ufa hauepukiki. Hata chupa mbili za viwanda tofauti hazina dhamana ya kupatana.

"Ikipoa bila kupasuka, imepona."

Uso hupoa kwanza, kiini baadaye, na mvutano hubaki umefungwa ndani. Gololi inaweza kukaa kabatini wiki kadhaa kisha ikagawanyika usiku bila kuguswa. Kuifunika kwa blanketi la nyuzi za kauri kunapunguza kasi tu. Dawa ni tanuri: borosiliketi hushikiliwa karibu nyuzi 565, kioo laini karibu 510, kwa saa moja kwa gololi ya milimita 25, kisha joto lishushwe polepole. Kupima, iweke kati ya vipande viwili vya kichujio cha polaroidi, kinachopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, vilivyogeuziana mpaka giza. Mng'ao ukijitokeza ndani ya gololi, mvutano upo.

"Miwani ya jua inatosha."

Haitoshi. Kioo laini hutoa mwali wa njano wa sodiamu unaoziba kila kitu, na huo huzuiwa na miwani ya didimiamu. Borosiliketi hutoa mng'ao mkali zaidi na miale ya joto, hivyo hutaka miwani yenye kioo cheusi kama ya mafundi wa kuchomelea. Chumba kiwe na feni ya kutoa hewa nje: moto mkali huzalisha oksidi za naitrojeni.

"Ikiwaka kijani chini ya taa ya urujuanimno, ni ya urani na ni hatari."

Manganisi nayo huwaka kijani, ila hafifu. Na kama ni urani kweli, kwa kawaida ni asilimia chache tu za kioo, na kuishika hakuna madhara. Kinachokatazwa ni kuisaga, kwa sababu ya vumbi.

"Iliyochubuka ing'arishwe, bei itapanda."

Kwa gololi ya kale bei hushuka. Kung'arisha huondoa tabaka la juu, hula mistari ya nje na kufuta kovu, ule ushahidi wenyewe. Ukikuta gololi ya mche inayong'aa kama maji lakini ncha zake hazina alama yoyote, uliza imepitia wapi. Yako ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha kila moja ikae kwenye kishimo chake: mikwaruzo mingi hutokana na gololi kugongana kwenye mtungi mmoja.