Tamko la nchi iliyo vitani: soma mipaka yake kwanza

Nchi iliyo vitani haikimbilii The Hague kwa mapenzi ya sheria. Hukimbilia huko kwa sababu adui yake hakamatiki nyumbani, na hapohapo huhofia askari wake wenyewe wasije wakaitwa. Kwa hiyo nikisoma tamko la nchi kuhusu Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), yenye makao yake The Hague, kwanza naangalia linaanza tarehe gani, linamgusa nani na limeacha uhalifu upi.

Ukraine ilitia saini Mkataba wa Roma, ulioanzisha ICC, mwaka 2000. Mwaka uliofuata Mahakama yake ya Katiba ikasema katiba irekebishwe kwanza, na suala likalala. Likaamshwa Aprili 2014 kwa ibara ya 12(3), inayoiwezesha nchi isiyo mwanachama kuipa ICC mamlaka. Tamko la kwanza lilihusu siku za maandamano ya Maidan tu, yale ya kuipinga serikali mjini Kyiv. La pili, la Septemba 2015, lilianzia 20 Februari 2014 na halikuwekewa ukomo. Juu ya msingi huo ndipo ilipotoka hati ya kumkamata Vladimir Putin, Machi 2023.

Uanachama ulianza 1 Januari 2025, na hapo ndipo penye utamu. Ibara ya 124 inamruhusu mwanachama mpya kukataa, kwa miaka saba, mamlaka ya ICC juu ya uhalifu wa kivita unaodaiwa kutendwa na raia wake au katika ardhi yake. Ufaransa na Kolombia zilipoitumia zilitaja yote mawili. Ukraine ikachukua nusu: raia wake. Ardhi haikuigusa, maana ndiko walikokuwa askari wa Urusi. Kwa maoni yangu kinga hiyo ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Haihusu uhalifu dhidi ya ubinadamu wala mauaji ya kimbari, na tamko la 2015 lilishatoa mamlaka bila kubagua. Kama nusu hiyo inakubalika, hilo ni la majaji.

Uganda ilijaribu njia nyingine. Desemba 2003 ilipeleka ICC suala la waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), waliopigana na serikali kaskazini mwa nchi, peke yao. Mkataba unataka hali nzima, si upande mmoja, na mwendesha mashtaka akajibu kwamba atachunguza uhalifu wote wa kaskazini, awe ameutenda nani. Hata hivyo hati zote tano za 2005 ziliwaangukia makamanda wa LRA.

Nyumbani ndiko mambo yalikokwama. Thomas Kwoyelo, kamanda wa LRA, alikamatwa 2009. Sheria ya Msamaha ya 2000, iliyowasamehe waasi walioacha vita, ikamkinga hadi Mahakama ya Juu ilipoamua, 2015, kwamba haifuniki uhalifu mkubwa dhidi ya raia. Kisha likaja swali la kumshtaki kwa sheria ipi: ile ya ICC ilipitishwa 2010, baada ya matendo yenyewe, na ile ya Mikataba ya Geneva ya 1964 huadhibu ukiukaji mkubwa katika vita vya kati ya mataifa, si vya ndani. Waendesha mashtaka wakaegemea sheria ya kimataifa ya kimila, ile inayotokana na desturi za mataifa na si mikataba. Alitiwa hatiani Agosti 2024 kwa makosa 44, akahukumiwa miaka 40.

Ukraine nayo ina pengo la namna hiyo. Uhalifu dhidi ya ubinadamu uliingizwa katika kanuni yake ya adhabu Oktoba 2024 tu. Matendo ya 2022 hushtakiwa zaidi kwa kifungu cha 438, cha kukiuka sheria na desturi za vita, hata pale ushahidi unapoonyesha mpango mpana dhidi ya raia.