Sensa ya mwendo ya kuvaa: dhana potofu na ukweli

Kijana mmoja wa Kakamega alitaka kumshonea mchezaji wa isukuti, ngoma ya Waluhya, vazi ambalo taa zake zinawaka kila anapotikisa mabega. Sensa aliyoniletea ilikuwa ile yenye kikuba cheupe, ya taa za usalama langoni. Nikajua siku itakuwa ndefu.

Dhana: sensa ya mwendo ni moja.
Ile ya langoni hunasa joto la mwili unaopita mbele yake. Ukiivaa, dunia nzima inapita mbele yake, basi taa hazizimi. Ya kuvaa ni aksileromita, inayopima mtikisiko pamoja na mvutano wa dunia, au jairoskopu, inayopima mzunguko. Chipu iitwayo MPU6050 inazo zote mbili, na bado ni ndogo kuliko kiberiti.

Dhana: sensa "isiyo na waya" hutuma habari yenyewe.
Nyingi hazitumi chochote. MPU6050 huongea kupitia nyaya nne fupi. Redio, yaani sehemu inayotuma mawimbi, iko kwenye bodi nyingine, na hiyo redio ndiyo mlafi wa umeme. MPU6050 hula karibu miliampea 4. ADXL345, aksileromita isiyo na jairoskopu, haifiki hata miliampea 1. Lakini ESP32, bodi ndogo yenye redio, ikituma kwa Wi-Fi inaweza kuruka hadi miliampea 240! Betri ya kibonye ya CR2032 haiwezi kusukuma mkondo kama huo: bodi itajizima na kujiwasha mpaka uchoke. Tumia Bluetooth ya nguvu ndogo, au betri ya lithiamu ya volti 3.7 inayochajiwa. Kumbuka pia kwamba mwili umejaa maji, na maji humeza mawimbi ya gigahezi 2.4 ambayo Bluetooth na Wi-Fi hii hutumia, kwa hiyo sensa ikiwa mgongoni na simu mfuko wa mbele, mawasiliano hukatika-katika.

Tena, redio ya nini? Taa zilikuwa bega lile lile lenye sensa. Waya wa sentimita kumi ulitosha. Redio tungeihitaji kama mabega ya wachezaji wawili yangetakiwa kuwaka pamoja.

Dhana: mihimili 9 ni bora kuliko 3.
Mhimili ni uelekeo mmoja wa kupima: aksileromita ina mitatu, jairoskopu mitatu. Mitatu ya ziada baada ya hiyo sita ni ya dira ya sumaku, na spika kubwa za jukwaani huivuruga. Kwa mtikisiko wa bega, mitatu inatosha.

Dhana: itaonyesha mvaaji amefika wapi.
Kupata umbali kutoka kwa aksileromita lazima ujumlishe mara mbili, na kosa dogo hukua kila sekunde. Mtu amesimama Kakamega, hesabu inamzamisha Ziwa Victoria.

Kilichotusumbua mwisho hakikuwa sensa bali mpangilio wake. MPU6050 huanza na kikomo cha kipimo cha g 2 (g 1 ni sawa na mvutano wa dunia), na bega la isukuti hukipita mara moja, kwa hiyo mtikisiko mkubwa na mdogo vilisomeka sawa. Tulipopandisha hadi g 8, taa zikaanza kufuata ngoma.