"Mtihani anafanya peke yake, kikundi cha nini?"

Msimu wa korosho ukianza, Masasi, huku kusini mwa Tanzania, hubadilika. Mwanafunzi uliyemzoea dawati la mbele unamkuta shambani kwa mama yake anaokota korosho, na mtihani wa Kidato cha Nne wa Novemba haumsubiri mtu. Ni katika majuma hayo wazazi hunijia juu kuhusu vikundi vya kusomea, kile ambacho watoto wenyewe wanakiita diskasheni. Nafundisha hisabati, na malalamiko yao nimeshayazoea. Mengine yana hoja. Mengi yametokana na kusikia nusu.

"Siku ya pepa hawaingii wanne wanne"

Mzee mmoja alinitupia hiyo akiwa mlangoni mwa ofisi, baiskeli kaiegemeza ukutani. Kweli, hawaingii wanne wanne. Lakini tuangalie kinachotokea kabla ya hiyo siku.

Miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwafuatilia wanafunzi waliokuwa wakisoma hisabati ya mwanzo ya chuo. Wanafunzi weusi aliowachunguza walikuwa wakipiga msuli kwelikweli, kila mtu kivyake, na bado wengi walianguka. Wenzao wa asili ya Kichina walifanya maswali peke yao kwanza, halafu wakakutana kulinganisha majibu na kusahihishana. Anayesoma peke yake akishika njia mbovu, anaweza kuing'ang'ania mpaka chumba cha mtihani. Mwenye wenzake anaambiwa jioni ileile. Treisman akaanzisha warsha ambamo wanafunzi walisumbuka pamoja na maswali magumu, na matokeo ya walioshiriki yakapanda.

Mpangilio wenyewe ndio wa kushika: peke yako kwanza, kikundi baadaye. Anayekuja kwenye diskasheni na daftari tupu kaja kudesa, yaani kunakili za wenzake.

"Mwanangu kipanga, mnampotezea muda"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaolisema ni wazazi wanaojali.

Niwape kisa cha chini ya mkorosho nyuma ya darasa letu. Kikundi cha Kidato cha Kwanza, watu wanne. Mmoja kaandika kwamba nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano: kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kipanga wao, yule mkali wa darasa, akacheka. "Siyo hivyo, tafuta KDS," yaani kigawe kidogo cha shirika. Mwenzake akauliza, "Kwa nini?" Kipanga akarudia, safari hii kwa sauti kubwa: "Tafuta KDS!" Akaulizwa tena kwa nini. Kimya.

Mimi nilikuwa pembeni nasahihisha madaftari, nikajizuia kuingilia. Kijana akainama, akaokota korosho kumi na mbili, akazipanga mchangani. Nusu yake, sita. Theluthi yake, nne. Jumla kumi kati ya kumi na mbili, yaani tano ya sita. Kisha akaligeukia lile jibu la kwanza: "Mbili ya tano haifiki hata nusu. Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ukabaki na pungufu?" Wote wakaangua kicheko, aliyekosea akiwamo.

Nani aliyejifunza zaidi pale? Mimi naamini ni kipanga. KDS alikuwa ameikariri tangu shule ya msingi, na kwa nini inahitajika aliijua siku ile, kwa sababu alibanwa. Noreen Webb, mtafiti wa Marekani aliyechunguza vikundi vya wanafunzi kwa miaka mingi, aliona jambo hilohilo: wanaowaeleza wenzao kwa kina huelekea kufanya vizuri, na anayepewa jibu tupu bila maelezo hafaidiki. Kwa hiyo mama, kipanga wako hanyonywi. Anayenyonywa ni yule anayeazima daftari na kunakili.

"Wakishakaa makundi, wanashirikiana"

Dhana hii ni yetu walimu. Tunasogeza madawati, tunatoa swali moja, tunakwenda kunywa chai. Kazi anaifanya mmoja, wengine majina yao yameandikwa tu.

Mfaransa Max Ringelmann alipima watu wakivuta kamba, na matokeo akayachapisha mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Kwa sehemu walishindwa kuvuta kwa wakati mmoja. Tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba kutegeana nako kumo. Darasa la watoto sabini ni kamba ndefu.

Dawa ni kumpa kila mtu kipande ambacho wenzake hawana. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waligawa somo vipande: kila mtoto alijifunza cha kwake, akarudi kukifundisha kikundini, na mwisho kila mmoja akapimwa peke yake. Mimi nafanya hivyo kwenye takwimu. Mmoja anabeba wastani, mwingine mediani, mwingine modi, wa nne grafu. Kisha naita jina moja lije ubaoni, na alama atakayopata ni ya kikundi kizima. Simwiti anayenyoosha mkono.

"Wanaongea Kiswahili tu, Kiingereza watakijua lini?"

Watoto hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wengine nyumbani wanaongea Kimakonde au Kimakua. Ukiwalazimisha kujadili kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, unapata kikundi cha mabubu. Mimi nawaachia wabishane kwa lugha inayowatoka. Ila hoja hii isidharauliwe, pepa ni la Kiingereza. Dakika kumi za mwisho kila mmoja anaandika hatua zake kwa Kiingereza, na wenzake wanazikagua.

"Diskasheni ni kisingizio cha mapenzi"

Wakati mwingine ni kweli, tusidanganyane. Kikundi cha saa mbili usiku kwenye nyumba isiyo na mtu mzima hata mimi sikiungi mkono. Changu kinakaa barazani mwa darasa baada ya vipindi, karatasi ya maswali mkononi, na saa kumi na moja nafunga mlango kila mtu aende kwao. Aliyekuwa shambani wiki nzima anakuta wenzake wamemwekea maswali aliyoyakosa, pamoja na zamu yake ya kueleza siku ya Jumatatu.