Kukwaruza kioo hakulifanyi jiwe kuwa kito

Wiki hii pekee nimeletewa mawe matano hapa Tanga, na kila mwenye jiwe amefungua leso kwa maneno yaleyale: "Mtaalamu, hili linakwaruza kioo." Mmoja alikuwa ameshanunua kiroba kizima kwa ada ya mwanawe. Yote matano ni gumegume, ambalo wanajiolojia tunaliita cherti.

Narudia tena. Ugumu wa kioo cha dirisha ni kama 5.5 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10. Gumegume ni 7, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ni silika tupu, madini ya mchanga, chembe za kwatzi ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Punje ya kwatzi kwenye mchanga wa ufukweni nayo hukwaruza kioo, na hakuna anayeichotea kopo akaipeleka kwa broka. Yakuti, vito vya Bonde la Umba mkoani hapa, ndizo zimewachanganya watu. Kweli zinakwaruza kioo, lakini yakuti ni 9: inalikwaruza hata hilo gumegume.

Livunje gumegume ulitazame. Humeguka kwa mikunjo laini kama ndani ya kombe, na ukingo wake hukata kama wembe. Ndiyo maana watu wa kale wa Olduvai walilichonga zana. Ukipitisha msumari utaona mstari wa kijivu, nawe utasema limekwaruzika. Lowesha kidole ufute: ni chuma cha msumari kilichobaki juu ya jiwe. Kisha likamulie ndimu. Mawe ya chokaa hutoa povu, hasa ukikwangua unga kwanza. Gumegume hukaa kimya. Msumari na ndimu, tafadhali, kabla hujatoa hata shilingi mia.

Wengine huniambia gumegume likigongwa na chuma hutoa cheche, eti moto umo ndani ya jiwe. Hapana. Cheche ni vipande vya chuma vilivyonyofolewa na jiwe vikawaka hewani. Bunduki za zamani za gumegume zilifyatuka hivyo. Lile jekundu ni yaspi, gumegume lenye rangi ya madini ya chuma.

Linalonitia hofu ni fundi anayesema jiwe gumu hivi ndilo kokoto bora. Silika ya baadhi ya gumegume hushambuliwa na alkali ya saruji, ukatokea ute unaofyonza maji na kuvimba, na zege likapasuka miaka kadhaa baadaye. Mhandisi Thomas Stanton alilieleza hilo huko California mwaka 1940. Kokoto zako zikiwa na gumegume, zipeleke maabara zipimwe kabla hujamwaga msingi.