Ushoroba unaopanda mlima

Shoroba nyingi, yaani njia za wanyamapori kati ya hifadhi, huchorwa kwa rula: hifadhi hapa, hifadhi pale, mstari mfupi kuliko yote katikati. Kwa tembo wanaofuata maji huenda ukatosha. Kwa spishi inayokimbia joto hautoshi. Hifadhi ya pili ikiwa na joto lilelile, mnyama amehama bure.

Kwa hiyo mimi huanza na mwinuko. Hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 0.6 kila unapopanda mita 100, hivyo ongezeko la nyuzijoto 1.5 hufidiwa kwa kupanda mita 250 hivi. Kwenye tambarare, hasa karibu na ikweta, kupata ubaridi huohuo kunaweza kudai mamia ya kilomita. Ndiyo maana naupenda ushoroba wa kama kilomita 14 unaounganisha msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare pamoja na nyika za hifadhi ya Lewa: mwisho wake mmoja uko juu kuliko mwingine. Kileleni, bila shaka, hakuna tena pa kupanda.

Njia nzuri ya kupandia ni kandokando ya mto, kwa kuwa kuna kivuli na unyevu kutoka bondeni hadi chanzoni. Shida ni upana. Jua, upepo na mimea vamizi hupenya kutoka ukingoni, mara nyingi mita 100 na zaidi. Basi ukanda wa mita 200 ni ukingo mtupu, na ndege wa kivulini hatautumia. Ukiwa na kilomita 1, unabaki na mita 800 za msitu wa ndani.

Halafu barabara zinazokata ushoroba. Kivuko cha chini, yaani njia ya wanyama inayopita chini ya barabara, hupimwa kwa uwazi wake: kimo mara upana, gawanya kwa urefu wa kupitia. Chenye kimo cha mita 3, upana wa mita 4 na urefu wa mita 24 kina uwazi wa 0.5. Panua barabara, urefu ufike mita 48, uwazi unashuka hadi 0.25, swala anachungulia giza, anageuka. Mkandarasi atakwambia kivuko hakijaguswa. Uzio wa kuwaelekeza wanyama kwenye kivuko nao ukiwa mfupi kuliko kilomita 5 hivi, wanauzunguka na kuibukia barabarani kwenye ncha zake.

Msihukumu kivuko kwa mwaka mmoja. Kule katika hifadhi ya taifa ya Banff, Kanada, dubu aina ya grizzly walihitaji miaka kadhaa kuzoea vivuko vyao.

Kamera iliyofungwa katikati ya ushoroba huonyesha kwamba mnyama ameingia. Kama alifika na akazaa, hilo utalijua kwa kulinganisha vinasaba vya kinyesi kutoka hifadhi zote mbili. Na kwa tembo, ambao kizazi kimoja ni takriban miaka 25, jibu halitaiwahi ripoti ya mradi wa miaka 3.