Kabla hujamkabidhi CPA vitabu vya biashara yako

Wengi humkumbuka CPA, yaani mhasibu aliyefaulu mitihani ya taaluma na kuthibitishwa, zikiwa zimebaki siku chache ritani za kodi ziwasilishwe. Wakati huo ofisi nzuri zimeshajaa kazi, na mwenye nafasi ya haraka mara nyingi ni yule asiyeuliza maswali. Anza kutafuta miezi mitatu au minne kabla mwaka wako wa hesabu haujafungwa, makosa yakiwa bado yanarekebishika.

Jua kwanza unahitaji kazi gani. Kuandika mauzo na matumizi ya kila siku ni kazi ya mtunza vitabu, na kumlipa CPA kwa hilo ni kupoteza fedha. CPA anahitajika kwenye hesabu za mwaka, ushauri wa kodi, majibu kwa mamlaka ya kodi na ukaguzi wa hesabu. Ila aliyekuandalia hesabu hapaswi kuzikagua, maana atakuwa anajisahihishia mtihani wake mwenyewe. Benki ikitaka hesabu zilizokaguliwa, tegemea kutafuta ofisi ya pili.

Cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Kufaulu mitihani ni jambo moja, na kuwa na leseni hai ya kuhudumia umma ni jingine. Mtu anaweza kuwa CPA wa kweli huku leseni yake imekwisha muda au imesimamishwa. Omba namba ya usajili, kisha itafute mwenyewe kwenye orodha ya bodi inayosimamia wahasibu, si kupitia kiungo alichokutumia. Linganisha jina, hali ya leseni na tarehe ya mwisho wake. Hakikisha pia kwamba mwenye leseni ndiye atakayesimamia kazi yako, si msaidizi anayetumia mhuri wake.

Ofisi iliyo karibu husaidia, hasa kwa ushuru wa mji na nyaraka za karatasi. Hata hivyo, kati ya jirani asiyewahi kushika hesabu za biashara ya aina yako na mtu wa mbali aliyezizoea, tunashauri umchukue wa mbali.

Kwenye kikao cha kwanza nenda na ritani ya mwaka uliopita, taarifa za benki za miezi 12, mikataba ya mikopo na barua zozote za mamlaka ya kodi. Kisha tazama anafungua nini kwanza. Mzuri hujumlisha fedha zilizoingia benki na kuzilinganisha na mauzo uliyotangaza. Tuseme benki ziliingia 1,200,000 na mauzo uliyotangaza ni 900,000. Tofauti ya 300,000 si lazima iwe mauzo yaliyofichwa: huenda 200,000 ni mkopo, 60,000 ni fedha zako binafsi ulizoingiza, na 40,000 zilirudishwa na msambazaji. Lakini kila kipande kinataka karatasi yake. Afisa wa kodi hupiga hesabu hiyohiyo, na kisicho na karatasi anaweza kukihesabu kuwa mauzo.

Ada inaweza kuwa kwa saa, kwa mwezi au kwa kazi nzima. Anayetaka asilimia ya kodi utakayorudishiwa mwepuke, kwani kadiri anavyokuza madai ndivyo anavyolipwa zaidi, na madai yakikataliwa deni linabaki kwako. Yote yaandikwe kwenye barua ya makubaliano: kodi zipi, miaka ipi, nani anawasilisha, wewe ulete nyaraka lini, na kama kujibu maswali ya mamlaka baadaye kumo ndani ya ada. Hilo la mwisho ndilo huzua ugomvi mwingi.

Kosa baya kuliko yote huonekana dogo: mhasibu kufungua akaunti yako ya kodi mtandaoni kwa barua pepe na simu yake. Mkiachana, notisi zinaendelea kwenda kwake, riba inapanda, nawe huna habari. Sajili mawasiliano yako mwenyewe. Mfumo ukiruhusu, mteue awe mwakilishi wako badala ya kumpa nywila.

Usisaini ritani tupu hata kwa mtu unayemwamini, kwa sababu kwa kawaida mamlaka itakudai wewe. Soma angalau mauzo, jumla ya matumizi na kodi ya zuio, yaani ile uliyokwishakatwa na wanaokulipa kabla fedha hazijakufikia. Hii ya mwisho husahaulika mara kwa mara. Baada ya kuwasilisha, dai uthibitisho wenye namba, si picha ya fomu iliyojazwa.

Ukihama, usishangae mhasibu mpya akiomba ruhusa yako ili amwandikie wa zamani. Ni utaratibu wa taaluma. Wewe dai urari wa mwisho (orodha ya salio la kila akaunti), jedwali la uchakavu wa mali (linaloonyesha thamani ya kila mali inavyopungua mwaka hadi mwaka) na rekodi ya hasara zinazosogezwa mbele, yaani za miaka iliyopita zinazoweza kupunguzwa kwenye faida ya miaka ijayo. Bila jedwali hilo, mhasibu mpya ataanza kufukua ankara za kila mashine uliyonunua, na saa hizo utazilipia wewe.